Manga ya Kijapani au ya Kiingereza? Kabla hujatoa hela, fungua kitabu katikati

Malalamiko kuhusu manga, vile vitabu vya hadithi za katuni kutoka Japani, yamejaa kwenye simu yangu, na mengi yanafanana. Msomaji mmoja wa Mwanza ameagiza lile toleo nene, juzuu tatu ndani ya jalada moja, akalipia na usafiri, na kitabu kimefika salama. Sasa ananitumia picha: "Dada, michoro imekatwa, hii si feki kweli?" Nimeiangalia vizuri. Si feki. Ni kitabu halali cha mchapishaji halali, na mchoro wote umo. Ila kipande cha katikati kimezama kwenye gundi, na hutakiona mpaka uvunje mgongo wa kitabu.

Nikiombwa nilinganishe manga ya Kijapani na toleo lake la Kiingereza, watu hutegemea nianze na tafsiri: nani kafasiri vizuri, nani kaua utani. Leo siigusi. Wapo wanaogombana kuhusu hilo mwaka mzima na hawajachoka, waendelee. Wala sikwambii hadithi ipi ni nzuri, maana unachokipenda unakijua. Mimi nakagua kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji na wanaofanya uchambuzi hawakipimi: bonde, yaani pale katikati kurasa mbili zinapokutana na kuingia kwenye mgongo.

Mchoraji wa manga huchorea kwenye karatasi ya B4, karibu sentimita 26 kwa 36. Tukio kubwa likija, pigano au mji unaoungua, huunganisha karatasi mbili na kuchora picha moja inayovuka zote. Sura ya hadithi yenye picha hiyo hutoka kwanza kwenye jarida. Shonen Jump ya kampuni ya Shueisha, kwa mfano, iko sokoni tangu 1968, ni ya ukubwa wa B5, karibu sentimita 18 kwa 25, na karatasi yake ni ya hovyo, lakini picha bado ina nafasi ya kupumua. Baadaye sura hukusanywa kuwa juzuu ya sentimita 11 kwa 17 hivi. Kila hatua mchoro unapungua, ila bonde halipungui, kwa sababu gundi inadai haki yake ileile. Nusu sentimita ikimezwa kwenye jarida hata hugundui. Ikimezwa kwenye juzuu ndogo, hiyo ni pua ya mtu.

Ninacho hapa mezani kitabu kinene cha masamurai, sikitaji jina. Kuna kurasa mbili ambamo wapiganaji wawili wanaelekeana, mmoja kila ukurasa, na panga zao zinakutana katikati. Sehemu zinapokutana ndipo gundi ilipo. Unachoona ni mikono miwili imeshika vyuma vinavyoingia ukutani. Nimeweka rula ya mwanangu: karibu sentimita moja nzima haionekani bila kukikandamiza kitabu kwa viganja vyote viwili, na ukiachia tu kinajifunga kama kombe. Mchoraji pengine alikesha kwa ajili ya sentimita hiyo.

Basi tupange.

Nafasi ya kwanza: Viz Signature

Nina upendeleo na siuonei haya. Viz Media ilianzishwa San Francisco mwaka 1986, na leo wenye hisa ni wakubwa wa Japani wenyewe, Shueisha na Shogakukan. Ina matawi mengi, lakini hili la Signature, la hadithi za watu wazima, ndilo ninalolinunua hata nikiwa na madeni. Vitabu vyake vingi vina upana wa sentimita 14.6 na urefu wa 21. Juzuu ya kawaida ya Kijapani ya hadithi za wakubwa ni 12.8 kwa 18.2. Kwa hiyo toleo la Kiingereza limeongeza karibu sentimita mbili za upana kila ukurasa, na hapo bonde linakosa cha kula.

Chukua Dorohedoro ya Q Hayashida, juzuu 23. Michoro yake imejaa uchafu, mabomba, nyuzi za damu, kila pembe ina kitu, na unakiona. Juzuu moja haijanenepa, inafunguka bila ugomvi. Monster ya Naoki Urasawa katika toleo lake la Perfect Edition ni nene zaidi, vitabu tisa, na kurasa za katikati zinakaza kidogo, lakini upana unafidia. Urasawa naye huchora nyuso zaidi kuliko mapigano, kwa hiyo hasara ni ndogo. Ndiyo, najitetea. Bei yake ni karibu dola 20 au zaidi kwa kitabu, na inauma.

Nafasi ya pili: juzuu ya Kijapani yenyewe

Ingekuwa ya kwanza kama sote tungesoma Kijapani. Kwanza bei: juzuu mpya ya Shueisha ni yeni mia tano na kitu, kama dola 4 hivi. Juzuu hiyohiyo kwa Kiingereza ina bei ya dola 11.99 kwenye jalada la nyuma. Halafu maduka ya mitumba ya Book Off huko Japani yana rafu za yeni 110, vitabu vilivyotunzwa mpaka unajiuliza kama viliwahi kusomwa.

Pili, ni vyepesi na laini. Karatasi ni nyembamba, kurasa ni kama 200 tu, na jalada la juu ni jaketi unayoweza kuivua ukisoma, halafu ukairudisha. Wachoraji wengine huficha kichekesho kidogo chini ya jaketi hiyo, kwenye jalada la ndani, na matoleo ya Kiingereza yasiyo na jaketi hulazimika kukihamishia kwingine au kukiacha. Kitabu kinakunjuka. Ni kidogo, kweli, lakini kinakunjuka, na mimi afadhali ukurasa mdogo ninaouona wote kuliko mkubwa uliozama.

Na ipo milio. Kwenye manga, mlio wa upanga au wa mvua huchorwa kuwa sehemu ya picha. Baadhi ya wachapishaji wa Kiingereza huufuta na kuchora wao, na palipofutwa lazima pajazwe na mkono wa mtu mwingine. Kwenye Kijapani kila mstari ni wa mwenyewe.

Anayejifunza lugha aangalie jambo moja kabla ya kununua. Hadithi za majarida ya vijana, kama One Piece na Naruto, huwa na vijiherufi vidogo pembeni ya kila kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, vinavyokuonyesha inavyotamkwa. Hadithi za watu wazima mara nyingi hazina. Watu hununua Berserk ya Kijapani wakidhani watajifunzia humo, halafu inabaki pambo la rafu.

Ukiwa na ndugu Dubai, mwambie apite duka la Kinokuniya pale Dubai Mall. Wana vya Kijapani na vya Kiingereza, na vya ndugu husafiri kwenye begi bure.

Nafasi ya tatu: majalada magumu ya kifahari

Berserk ya Kentaro Miura, toleo la Deluxe la mchapishaji Dark Horse lililoanza 2019, ni juzuu tatu kwa kitabu kimoja, lakini ukurasa ni karibu sentimita 18 kwa 25, yaani umerudi kwenye ukubwa wa jarida. Hapo tatu-kwa-moja naikubali. Kinalala mezani. Kitandani usijaribu, kitakuvunja taya. Ni karibu dola 50 kila kimoja, na ni mfululizo mrefu, kwa hiyo fanya hesabu zako kwanza.

Akira ya Katsuhiro Otomo ina historia yake. Ilipoingia Marekani mwaka 1988 kupitia Epic, tawi la Marvel, ilitiwa rangi na kurasa zikageuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kushoto kwenda kulia. Boksi la mchapishaji Kodansha la 2017 limeirudisha kulia kwenda kushoto, nyeusi na nyeupe, milio ya Kijapani ikiwa palepale. Kama bajeti inaruhusu, hilo.

Hapo kwenye kugeuza niwaonye wapenda mitumba. Matoleo mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1980 na 1990 yaligeuzwa, mpaka kampuni ya uchapishaji ya Tokyopop ilipolifanya jambo la kusoma kulia kwenda kushoto kuwa kawaida kuanzia 2002. Kwenye kilichogeuzwa samurai wote ni wa mashoto. Kibaya zaidi ni kimono: Wajapani hulaza upande wa kushoto juu ya wa kulia, na kinyume chake ni mavazi ya maiti. Ukigeuza ukurasa, kijiji kizima kimevikwa kwenda kuzikwa. Ukiona kitabu cha zamani kwa bei ya kutupa, angalia panga ziko kiunoni upande gani.

Nafasi ya nne: juzuu za kawaida za Kiingereza

Sentimita 12.7 kwa 19. Karatasi ni nene kuliko ya Kijapani na gundi ngumu kidogo, kwa hiyo ukubwa ulioongezeka unaliwa karibu wote na bonde. Si mbaya, wala si nzuri. Maboksi ni juzuu hizihizi zikiwa pamoja: One Piece boksi la kwanza ni juzuu ya 1 hadi 23, na Naruto yote 72 iko kwenye maboksi matatu. Boksi hupunguza bei ya kila juzuu, na hapo ndipo faida ilipo.

Mwisho kabisa: tatu kwa moja

Watu watanichukia, maana hizi ndizo zinazonunuliwa zaidi huku kwetu. Unapata juzuu tatu kwa karibu nusu ya bei, nani akatae? Lakini ni kurasa 600 za kitabu kidogo, zimebanwa kwa gundi. Kurasa za mwanzo na za mwisho zinafunguka, za katikati ni vita. Hadithi ya mazungumzo, ya shule, ya mapenzi, nunua tu, hutapoteza kitu. Hadithi ya mapigano, yenye picha kubwa za kurasa mbili kila sura, unalipia picha ambazo hutaziona.

Asiye na hela kabisa aende Manga Plus, programu ya simu ya Shueisha, ipo tangu 2019, sura za mwanzo na za karibuni ni bure. Ukilaza simu, kurasa mbili zinaungana, na bonde halipo. Huduma ya kulipia ya Viz ina orodha fupi ya nchi, angalia kama yako imo kabla hujaweka kadi.

Sasa, wauzaji

Juzuu ya Kijapani ya yeni 500 inauzwa mjini kwa bei ya Kiingereza, na ukiuliza unajibiwa "imetoka Japani, dada". Si ndiko inakotengenezwa? Nyuma ya jaketi bei imechapwa kwa tarakimu ambazo yeyote anaweza kusoma, na ndiyo maana stika ya duka hubandikwa hapohapo juu yake. Ibandue. Nauli na ushuru vipo, sikatai, muuzaji naye ana watoto. Lakini mara tatu?

Halafu feki. Maboksi feki ya Kiingereza yamejaa, na bonde ndilo linaloyaumbua. Aliyeghushi ameskani kitabu kilichokwisha kufungwa, kwa hiyo kilichokuwa kimezama kimepotea kabisa, na maneno ya upande wa ndani yanakatika katikati ya kiputo. Weusi wake ni kijivu, na vile vitone vidogo vya kivuli vimefanya mawimbi. Nilimwomba muuzaji mmoja wa mtandaoni picha ya kitabu kikiwa wazi katikati. Alinitumia picha ya jalada. Nikarudia ombi. Akanitumia jalada tena, safari hii kubwa zaidi, na alama ya tovuti aliyoitoa bado iko pembeni.

Wengine husema plastiki haifunguliwi. Kwa Kijapani ni kweli, maduka ya huko huvifunga vitabu vipya ili watu wasisome wakiwa wamesimama na kuondoka. Basi usigombane naye, mwombe namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, iliyo nyuma, haihitaji kufungua chochote. Itafute mwenyewe, utaona vipimo na idadi ya kurasa. Kitabu cha mapigano chenye kurasa zaidi ya 500 na upana usiofika sentimita 14, mwachie mwenyewe.