Ruaha wakati wa kiangazi: fedha yako iweke kwenye gari na dereva

Kama wewe ni Mtanzania na unapiga hesabu ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, usianze kuumia kichwa na kiingilio. Raia analipa kwa shilingi akionyesha kitambulisho cha Taifa, mtoto chini ya miaka 5 halipi kabisa, na ukijumlisha watu wote utaona hicho ndicho kipengele chepesi kuliko vyote. Mzigo uko kwenye gari. Mimi nilikwenda mwezi wa tisa kutoka Morogoro na wazazi wangu, mdogo wangu wa kiume na wifi, na zaidi ya nusu ya fedha yetu iliishia kwenye Land Cruiser ya kukodi, dereva na dizeli. Ningelipa tena kesho asubuhi.

Hifadhi hii ina kama kilomita za mraba 20,000. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini mpaka Nyerere ilipotangazwa mwaka 2019. Ukiambiwa ukubwa huo unashawishika kutaka kuzunguka kote, na wauza safari wanajua. Kampuni moja ilinipa ratiba ya kutoka Iringa mjini alfajiri na kurudi usiku uleule, bei nzuri tu. Lakini kutoka Iringa mpaka Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na tulipopita sisi kipande kirefu kilikuwa vumbi na makorongo. Toa saa za kwenda, toa za kurudi, unabakiwa na mchana wa jua kali, simba wamelala chini ya miti na tandala wamejificha vichakani. Jioni wanapoanza kuinuka, wewe unakimbizana na muda wa lango. Nilikataa.

Badala yake tulimpata kijana wa Tungamalenga, kijiji cha mwisho mwisho kabla ya kuingia hifadhini. Nilimhoji kwenye simu kabla hata ya kutaja bei. Nilimuuliza kama atakubali kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu bila kuwasha injini. Akanijibu, "Dada, kiangazi mimi siwafuati wanyama. Nakaa kwenye maji." Hapo nikajua nimepata mtu.

Na kweli alitupeleka kwenye Mwagusi, mto ambao wakati huo ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Tulikuta familia ya tembo imeshatangulia. Jike kubwa alikuwa anachimba kwa mguu wa mbele, anapiga mchanga teke kwenda nyuma, taratibu, kisha anaingiza mkonga na kutoa kilichoporomoka. Akachimba tena. Shimo lilipofika kina cha mkonga wake akatulia, akangoja maji yajikusanye, ndipo akanywa. Ndama alijaribu kujipenyeza chini ya tumbo lake akasukumwa pembeni kwa goti, akarudi, akasukumwa tena. Pembeni kabisa nyani walikuwa wamekaa wanasubiri tembo waondoke nao wapate zamu kwenye shimo lilelile. Tulikaa pale mpaka kivuli cha gari kikahamia upande wa pili. Magari mengine mawili yalikuja, yakapiga picha, yakaondoka kabla jike hajafikia maji.

Baba ndiye aliyeguswa zaidi. Ujanani alilima mpunga Usangu, bonde ambalo maji yake ndiyo yanayoshuka kuwa Mto Ruaha Mkuu. Mto huo zamani haukukatika mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 sehemu inayopita hifadhini imekuwa ikikauka kiangazi, kwa sababu maji mengi yanachepushwa kwenda mashambani huko juu. Eneo la Usangu lenyewe liliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2008. Tulipofika kwenye bwawa mojawapo lililobaki mtoni, viboko wamebanana migongo nje na mamba wamelala ukingoni, Baba alimwuliza dereva maswali mengi kuhusu kina cha maji na mwezi yanaporudi. Halafu akasema, "Sisi mfereji ulikuwa unaachwa wazi usiku kucha, mwanangu. Hakuna aliyeuliza maji yanakwenda wapi." Hakuna kipeperushi cha utalii ambacho kingenieleza mto ule kuliko sentensi hiyo.

Malazi tulichukua mabanda ya hifadhi palepale Msembe, karibu na mto. Ni mabanda ya kawaida, yanatosha sana. Faida yake ni kwamba saa 12 asubuhi uko tayari ndani, na kwa kuwa kibali kinahesabiwa kwa saa 24, ukiingia mchana unapata jioni moja na alfajiri moja kwa malipo yaleyale. Chakula tulibeba wenyewe: mboga na maharage kutoka soko la Iringa, mchele wa nyumbani. Mafuta pia jazeni Iringa. Malipo ya hifadhi hayapokewi taslimu, kwa hiyo shughulikieni namba ya malipo au kadi mkiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika. Ukipika, usiache kitu nje hata dakika moja, tumbili wa pale wana mikono myepesi.

Nguo nazo zina uzito wake. Mbung'o wapo, hasa kwenye vichaka vya miombo, na wanavutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wifi alivaa kaki na mikono mirefu akapona. Mdogo wangu alivaa jinzi, wakamchoma kupitia jinzi hiyohiyo.

Wanaotaka kuona faru wasije, hawapo. Wanaotaka makundi ya nyumbu yanayohama waende Serengeti. Ruaha inakupa tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, mbwa mwitu ukiwa na bahati (sisi hatukuwa nayo), na mibuyu iliyochunwa magome na tembo mpaka kiunoni. Wapenda ndege waje baada ya mvua kuanza, wakijua kwamba Machi na Aprili njia nyingi ni tope na kambi kadhaa hufunga. Kwa familia yenye wazee ningesema kati ya Juni na Oktoba, na mwombeni dereva awe na kiti cha mbele chenye nafasi ya kunyoosha miguu. Mama alikipigia kura zote.

Kitu kingine tulichokosa ni safari ya miguu na askari wa hifadhi. Inabidi iombwe mapema, na magoti ya Baba yasingekubali. Mimi na mdogo wangu tumeshaongea na yule kijana wa Tungamalenga kuhusu kurudi Juni, na mdogo wangu atakuja na jinzi au bila jinzi, lakini kaki nimemnunulia mimi.