Uzoefu wangu: kupunguza kelele na kukarabati ndani ya mkonga wa 1994

Siku ya kwanza kuisikia indiketa ya gari langu nilidhani kuna kitu kimelegea chini ya dashibodi. Tik-tak, tik-tak. Nikaegesha pembeni, nikainama, nikampa mama simu anipigie tochi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ile sauti inakwenda pamoja na kitaa cha kijani. Miaka sita naendesha gari hili, indiketa nilikuwa naijua kwa macho tu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, ile ndefu yenye milango miwili nyuma na mabenchi ya kutazamana. Mkonga, kama tunavyoiita, kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Injini ni 1HZ, silinda sita, cc 4,164, dizeli isiyo na turbo. Nililipata kwenye mnada wa shirika moja lililokuwa linafunga mradi, viti vimebaki vyuma na vumbi la Longido limeingia hadi kwenye saa ya mafuta. Mimi nafunga pampu za sola kwenye visima vya vijijini, kwa hiyo barabara ya mawe na mikunjomikunjo ndiyo ofisi yangu. Halafu mara moja kwa mwezi nampeleka mama kliniki Moshi. Ndani ya gari hili, ukifika kilomita 80 kwa saa watu hawazungumzi tena, wanaitana kama wako ng'ambo mbili za mto.

Jaribio la kwanza nilipoteza laki tatu na themanini. Gereji moja, sitaitaja, iliniambia kazi ni ya siku moja tu. Wakabandika kwenye dari na milangoni ile tepu ya lami yenye karatasi ya alumini, ambayo mafundi wa mapaa huzibia bati linalovuja. Sakafuni wakatandika vipande vya godoro, juu wakaweka kapeti zuri jekundu. Nilitoka pale ninacheka peke yangu. Inang'aa, na gari kweli lilitulia siku hiyo hiyo.

Ikaja Februari. Gari likikaa juani saa sita mchana bati la dari huwezi kuligusa, na lami ni lami. Ikalainika, ikaanza kuteremka taratibu nyuma ya silingi, ndani pakanuka kama barabara inayotengenezwa. Mteja mmoja alishuka na doa jeusi kwenye kola ya shati jeupe. Masika yalipoingia nikapata jambo jipya: kila nikikanyaga breki, mlango wa kushoto unasema chubwi. Chini kabisa ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji yanayopenya kwenye kioo, na wale jamaa walivifunika vyote. Niling'oa kava, nikatoboa ile tepu kwa msumari, yakamwagika maji karibu lita tatu. Na lile godoro chini ya kapeti? Sponji ya kulalia hainyonyi kelele pale sakafuni, inanyonya maji, na ikishanyonya haitoi.

Mara ya pili niliamua kufanya mwenyewe, nikimlipa fundi bodi mmoja wa Unga Limited anisaidie kwa siku nne. Kukwangua lami peke yake kulitumalizia siku nzima, kisu cha pati mkononi na matambara yaliyolowa mafuta ya taa. Kisha tukatoa kila kitu: viti, mabenchi, mikanda, silingi, makava ya milango. Bolti tulizitia kwenye chupa za maji zilizokatwa nusu, kila chupa na jina lake, na nilipiga picha kila hatua. Usidanganyike kwamba utakumbuka ipi ilitoka wapi. Hutakumbuka.

Chini ya kapeti na godoro tulikuta mkeka wa raba wa kiwandani, na chini ya mkeka blanketi lake, limelowa na zito kama ngozi mbichi. Tulipata mchanga, sarafu mbili za shilingi kumi, na maharage matatu yaliyokwisha kuota. Fundi akachukua bisibisi, akaanza kudonoa sakafu pole pole kama daktari wa meno. Alipofika chini ya pedeli ya klachi, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini.

"Kaka, hapa pameoza," akasema. "Ulikuwa unaendesha umekanyaga rangi."

Maji yalikuwa yanatoka juu. Raba ya kioo cha mbele ilikuwa imekauka ikapasuka, fremu chini yake imeshika kutu, na mvua ikinyesha maji yanateremka nyuma ya dashibodi yanatua miguuni mwa dereva. Magari haya ya zamani yanajulikana kwa ugonjwa huo. Tukakata sehemu tatu zilizooza, tukachomelea bati jipya, kutu iliyobaki ikapigwa brashi ya waya na dawa yenye asidi ya fosforiki, kisha praima na silanti, ile gundi ya kuzibia, kwenye kila maungio. Kazi hiyo pamoja na raba ya kioo ilikula laki sita, ambazo hazikuwa kwenye hesabu yangu hata kidogo. Ila kama ningebandika mikeka ya bei mbaya juu ya uozo ule, ningekuwa nimeufungia unyevu ndani, na mwaka unaofuata miguu yangu ingekuwa inaiona lami.

Sasa vifaa. Safari hii niliagiza mikeka ya butili ya milimita 2 yenye alumini juu, mita za mraba 12, kupitia wakala wa mizigo ya China. Ilifika Dar kwa meli, ikapanda basi hadi Arusha, jumla 540,000. Butili ni raba inayonata, haitiririki kwa joto kama lami. Inavyofanya kazi utaielewa kwa kidole. Nilipogonga dari tupu, bati lililia ngaaa, likaendelea kulia kama debe. Nikabandika kipande cha ukubwa wa daftari katikati ya lile bati, nikagonga tena: du. Basi. Bati haliwezi tena kutetemeka kwa raha zake, mtetemo unafia ndani ya raba na kugeuka joto kidogo mno. Kwa sababu hiyo huhitaji kufunika kila inchi. Dari nilifunika kama nusu, nikilenga katikati ya kila bati pana. Sakafu na juu ya matairi ya nyuma ndiko nilikopunguza uchoyo.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Arusha ya Julai mnaijua. Asubuhi butili inakuwa ngumu kama soli ya kiatu, ikawa lazima tuianike kwenye boneti hadi saa nne ndipo ishike. Bati lisafishwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha upitishe rola kwa nguvu zako zote mpaka vile vimchoro vya alumini vilale. Vaa glavu. Ukingo wa ile alumini ni wembe, na nina alama tatu za ushahidi.

Butili hata hivyo inatuliza bati tu, haizuii sauti inayopita hewani. Ya hewani inazuiwa na uzito. Kwa hiyo sakafuni, juu ya butili, nilitandika povu jembamba la seli zilizofungwa, lile lisilonywa maji, na juu yake shuka la vinaili nzito, kama kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Darini niliweka povu peke yake, la milimita 6, na faida kubwa niliyoiona huko ni ya joto kuliko ya kelele. Chini ya boneti sikuweka chochote. Sponji inayonyonya dizeli na oili juu ya injini ya moto ni moto unaosubiri siku yake.

Niseme na lile ambalo muuza mikeka hatakuambia. Raba za milango, raba ya gia na za vile vitundu vya ukuta wa injini, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva, zilifika kutoka Dar wiki mbili kabla ya mikeka, tukazifunga kwanza, na gari likabadilika kabla sijabandika kitu. Raba ya kwenye mzizi wa gia ilikuwa imechanika, ukiinama unaona barabara. Kwenye ukuta wa injini kulikuwa na matundu manne ambayo zamani yalipitisha nyaya za redio ya mawimbi ya lile shirika, yakaachwa wazi. Sauti ni kama maji, haijali una ukuta mzuri kiasi gani, inatafuta tundu. Ukitaka kujua raba za milango yako zimechoka, fungia noti ya elfu moja mlangoni halafu uivute. Ikitoka kama inatoka kwenye pochi, raba imekufa. Usiku ingia ndani ya gari, mtu azungushe tochi nje. Mimi nilihesabu sehemu saba zinazopitisha mwanga. Raba zote hizi zilinigharimu 240,000, na zimepunguza vumbi kiasi kwamba fundi wangu wa pampu ameacha kufunga kitambaa usoni akikaa nyuma.

Nilipima kwa simu, programu ya kawaida ya desibeli, simu ikiwa imefungwa palepale kwenye kiti cha abiria, barabara ya Namanga, vioo juu, kilomita 80 kwa saa. Kabla ya kugusa kitu: 81. Baada ya raba na kuziba matundu: 77. Baada ya butili na vinaili: 73. Simu si kipimo cha maabara, lakini ni simu ileile, mahali palepale. Na desibeli hazihesabiwi kama kilo za mchele: zikishuka 10, sikio linasikia kama kelele imebaki nusu. Kwa hiyo 8 si haba, ila angalia nusu ya hizo zimetokana na nini.

Viti nilimpelekea fundi wa kushona, 450,000 vya mbele na mabenchi. Alitaka sana kunishonea leza nyeusi, ile ya ngozi, yenye uzi mwekundu, akanionyesha na picha. Nilikataa. Leza nyeusi Longido saa nane mchana inakaanga mapaja. Tukashona turubai la kijivu, ndani sponji ngumu ya vipande vilivyogandishwa pamoja, na sasa naweza kuendesha hadi Engaruka nikashuka bila kushika kiuno. Kapeti sikurudisha. Mkeka wa raba unaoshwa kwa ndoo moja, kapeti la gari la kazi linabaki na kumbukumbu zako zote. Dashibodi ina nyufa mbili, nimeziacha.

Mapungufu yapo. Tairi zangu ni 7.50R16 za meno makubwa, na mlio wake hakuna mkeka utakaoumaliza. Nilipaswa kufikiria tairi kabla ya kumwaga pesa milangoni, ambako butili ilinisaidia kidogo sana zaidi ya kufanya mlango ufunge kwa mlio wa kitajiri. Upepo kwenye keria uko palepale. Vinaili ilinuka wiki mbili. Gari limeongezeka kilo 60 hadi 70 hivi, ambazo injini hii haijazitambua. Na raba mpya zilikuwa ngumu, kwa mwezi mzima mama alikuwa analalamika kwamba mlango wake unataka mwanaume. Umelegea sasa.

Jumla, ukiacha zile laki tatu na themanini za ujinga, nimetumia milioni mbili na laki nne na ushee. Kwa gari linalonilisha, naiona imerudi. Kwa gari la kutembelea Jumapili, nunua raba, ziba matundu, halafu usimame hapo kwanza usikilize.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakwenda kliniki. Tumepita Usa River, redio ikiwa chini, mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe hili gari lina redio?" Nikacheka. Tulipokaribia Kikatiti akageuza kichwa. "Na hicho kinacholia kama mbu huko nyuma ni nini, baba?"

Nikaondoa mguu kwenye mafuta, mbu akanyamaza. Nikakanyaga, akarudi. Difu ya nyuma, yale meno yanayozungusha matairi. Sijui imekuwa ikilia tangu lini chini ya zile kelele zote. Jumamosi nimemwaga oili yake, imetoka na unga wa chuma unaometameta kama rangi ya kucha. Beringi nimeagiza Ilala, zinafika na basi la Alhamisi.