Nilitaka vidonge vya usingizi, daktari wa chuo akaniandikia mazoezi

Nilikwenda zahanati ya chuo kwa kukosa usingizi na mgongo kuuma. Muuguzi alinipima uzito na presha, kisha akaniuliza: kwa wiki unafanya mazoezi siku ngapi? Kila siku dakika ngapi? Alitaka kuzidisha siku kwa dakika, apate jumla ya wiki. Akaandika 0 kwenye faili langu, chini ya presha, na kuiona pale kuliniuma kuliko nilivyotegemea.

Daktari aliniuliza kama huwa napata maumivu ya kifua au kizunguzungu, kisha akanipa rufaa ya kwenda ukumbi wa mazoezi. Imeandikwa kama cheti cha dawa: kutembea haraka, dakika 20, siku 3 kwa wiki, kwa mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Lengo ni kupanda polepole hadi dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Nilipofika ukumbini, mapokezi hawakuwa na habari yoyote ya rufaa. Niliambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa tena nirudi. Mtu anayeona haya kuingia mahali penye watu waliojazia misuli hatarudi mara ya tatu. Kwa hiyo usitoke zahanati kabla hujapewa siku, saa na jina la atakayekupokea.

Mimi nilirudi, na namshukuru sana yule mwalimu wa mazoezi. Hakunipeleka kwenye vyuma. Alivuta kiti cha kawaida akakiegemeza ukutani. "Kaa. Simama. Mikono kifuani, usijisukume." Mara ya nane mapaja yalikuwa yanatetemeka, akasema inatosha kwa leo, akaandika 8. Kila wiki alianza kwa kunionyesha namba ya wiki iliyopita. Wiki ya sita nilifika 19.

Usingizi umerudi, ingawa siku za mitihani bado unasumbua. Mgongo umetulia zaidi.

Juzi muuguzi kaniuliza tena yale maswali mawili. Siku 4, dakika 30. Akaandika 120. Zimebaki 30, na Jumamosi hii naanza kuzitembea.