Tafsiri ya sheria ya Ujerumani, kutoka ofisi moja ya Mwanza

Mdogo wangu, ambaye tulimlea kama mvulana, anaishi Ujerumani kama mwanamke, na mama yetu wa Kirumba alitaka kuisoma mwenyewe sheria ya kubadili jinsia na jina katika kumbukumbu za serikali, iliyopitishwa na Bunge la huko tarehe 12 Aprili 2024. Niliipeleka katika ofisi ndogo ya tafsiri katikati ya jiji. Foleni ni ndefu, lakini kazi inaaminika. Sehemu ngumu kuliko zote, inayoeleza kwamba mhusika humtaarifu msajili miezi 3 kabla, kisha hutoa tamko bila cheti cha daktari wala uamuzi wa mahakama, tofauti na sheria ya 1980 iliyodai maoni ya wataalamu 2, inasomeka kwa Kiswahili kilichonyooka. Kosa moja liliniuma sana: rasimu ya kwanza ilimwita mhusika “mgonjwa”, jambo ambalo sheria hiyo haisemi. Mfasiri aliomba radhi, akalikata neno hilo kwa penseli mbele yangu na kuchapisha upya bila malipo. Mama aliisoma barazani mpaka giza likaingia, kisha akaniambia nimpigie binti yake simu.