Matembezi ya kindi wekundu, Formby: yanalipa, ila usifuate picha

Kwa sisi tunaoishi Liverpool, Uingereza, kwenda Formby kwa matembezi haya ya kuongozwa si safari ya kuumiza kichwa. Unapanda treni ya kwenda Southport, unashuka Freshfield, unatembea kidogo na tayari uko kwenye misonobari, na bahari iko nyuma ya matuta ya mchanga. Nilikwenda na wanangu asubuhi moja ya Oktoba, saa ambazo kindi wako mbioni kutafuta chakula.

Niseme mapema: kindi wenyewe tuliwaona wachache, tena wakikatiza juu kwa juu. Ukienda kwa ajili ya simu yako utarudi umenuna. Utamu uko kwenye maelezo. Mama aliyetuongoza, mtu wa kujitolea, aliokota koni ya msonobari iliyotafunwa: magamba yote yamebanduliwa, limebaki gunzi kama la mahindi, na kishungi kidogo nchani. Alipowaambia watoto kwamba mwenye mlo huo huenda bado yuko juu ya vichwa vyao, basi, kazi ikawa kuinama kila hatua kutafuta magunzi.

Akaingia kwenye mkasa wenyewe. Kindi wa kijivu ni wageni kutoka Amerika Kaskazini. Mwaka 1876 waliachiwa Cheshire, si mbali na hapa. Wana uzito unaokaribia maradufu ya wekundu, na mbegu za mwaloni wanazila zikiwa bado mbichi, kwa hiyo mwekundu, ambaye ndiye mwenyeji, akifika anakuta patupu. Baya zaidi, wanabeba virusi vya ndui ya kindi bila wao kuumwa. Mwekundu akiambukizwa huota vidonda machoni, mdomoni na miguuni, na kwa kawaida wiki mbili hazimpiti. Mwaka 2008 ndui iliingia Formby ikafyeka takriban asilimia 80 yao.

Baba mmoja akauliza: sasa wale wa kijivu wakiingia humu mnawafanyaje? Mama hakuzunguka. Wanategwa, wanauawa. Watoto kimya. Wapo wazazi waliokunja uso, lakini mimi hapo ndipo nilipomheshimu, maana angeweza kutupoza kwa maneno matamu. Akatutajia kisiwa cha Anglesey, kule Wales, ambako kazi hiyo ilianza 1998. Wa kijivu wakaondolewa, wekundu wakaongezeka tena.

Nyota moja naikata kwa sababu ya wingi wetu: waliokuwa nyuma waliambulia upepo tu. Waandaaji wangegawa makundi mawili.

Mwenye mtoto mchanga aache kigari nyumbani, ambebe kwa kanga. Ule mchanga unameza magurudumu. Na karanga msibebe kuwalisha. Kalsiamu yake ni haba, halafu kindi wengi wakila mahali pamoja ndipo ndui inapopata njia.