Nilivyotolewa jiwe la figo Mbeya: huduma ilivyokuwa, na ule mpira unaoachiwa tumboni

Kama umeambiwa una "UTI sugu" na kila ukimaliza dozi maumivu yanarudi pale pale chini ya mbavu, soma hii. Mimi ni dereva wa semi, Tunduma–Dar, nyumbani Uyole. Kila nilipopima mkojo kwenye vituo vya njiani jibu lilikuwa moja: kuna seli za usaha, ni UTI, chukua sipro. Hakuna aliyeotesha mkojo kujua kama bakteria wapo kweli na dawa ipi inawaweza, wala aliyenipiga altrasaundi. Kumbe jiwe likikwaruza njia ya mkojo linaweza kuleta damu na seli za usaha hata kama bakteria hawapo.

Lilinikamata Makambako. Maumivu yanaanzia kiunoni upande mmoja, yanashuka hadi kinenani na kwenye korodani, unatapika, kukaa huwezi, kulala huwezi, unabaki kulizunguka gari tu. Mkojo ukatoka kama juisi ya rosela. Nilichomwa sindano ya diklofenaki, mwenzangu akashika usukani, tukageuza kurudi Mbeya.

Hospitali niliyotibiwa siitaji, ila ipo mjini na ina daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Altrasaundi ilionyesha figo ya kushoto imevimba, lakini jiwe lenyewe lilionekana kwenye CT scan: milimita 9, limekwama kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu. Daktari alichukua bahasha ya picha akanichorea kwa kalamu. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe; unakunywa maji, unapewa dawa ya maumivu, wakati mwingine na tamsulosini ya kulegeza mrija. Likizidi 10, usitegemee litoke. Langu lilikuwa katikati, ila kwa vile figo ilishavimba, akasema tusisubiri. Akaongeza kwamba jiwe lililoziba likiambatana na homa na kutetemeka, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, usingoje siku ya kliniki.

Nikamuuliza kuhusu ule unga wa mitishamba wa "kuyeyusha mawe" unaouzwa stendi. Hakucheka. Alisema mawe mengi ni ya kalsiamu oksaleti na hakuna dawa ya kuyayeyusha. Yanayoweza kuyeyuka kwa dawa ni ya asidi ya yuriki, na hiyo dawa unaandikiwa na daktari.

Upasuaji sikuuogopa nilipoelewa kwamba hakuna kuchanwa. Ganzi ya mgongo, kamera nyembamba inapitishwa njia ya mkojo, leza inalivunja jiwe. Nilikuwa macho muda wote, nasikiliza taarabu kwenye simu ya mtu wa ganzi. Baadaye nikaonyeshwa vipande kwenye kichupa: vya kahawia, vina ncha, ukitikisa vinalia.

Sasa huo mpira, stenti, ndio walitakiwa kunieleza mapema. Ni mrija laini wanaouacha kati ya figo na kibofu ili mkojo upite wakati uvimbe unapungua. Ulinitesa kuliko upasuaji wenyewe. Unahisi mkojo kila saa, na ukikojoa maumivu yanapanda mpaka kwenye figo. Daktari akasema ni kawaida, akanipa vidonge, vikasaidia kiasi. Wakuu, kabla hujatoka wodini hakikisha tarehe ya kuutoa imeandikwa kwenye kadi yako. Ukisahaulika humo miezi mingi, huota mawe juu yake, na kuutoa inakuwa kazi nyingine kabisa.

Kuhusu kurudi: karibu nusu ya waliopata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10 hivi, kwa hiyo kutolewa siyo kupona moja kwa moja. Nimeambiwa ninywe maji mpaka mkojo wa siku ufike lita 2 na nusu na uwe mweupe. Kwa dereva huo ni mtihani, kwa sababu semi husimamishi popote upendapo, na Mbeya ya Juni na Julai kiu yenyewe huisikii. Chumvi nipunguze, nyama choma za njiani pia. Karanga, mchicha na chai kali ya rangi vina oksaleti nyingi, nile kwa kiasi. Nilidhani na maziwa yatakatazwa kwa sababu ya kalsiamu, kumbe nisiyaache. Yakinywewa pamoja na chakula yanaishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Chai ya Tukuyu naendelea nayo, ila ya maziwa.

Nawapa nyota nne. Daktari na manesi sina neno nao. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya foleni ya dirisha la bima, na kwa sababu asubuhi ya upasuaji ndipo nilipoambiwa mpira haumo kwenye bima, nilipe taslimu.