Uzoefu wangu: miezi minane na tangi la maji linalouliza watu kwanza

Kwetu Kimara, Dar es Salaam, maji ya bomba hayana saa. Yanaweza kutoka Jumanne saa nane usiku, yakakata alfajiri, usiyaone tena hadi Ijumaa. Tuko mlimani, presha ikipungua kidogo, wa bondeni wanajaza ndoo, sisi tunasikia bomba likipumua hewa. Nina nyumba ya wapangaji sita, tangi la chini la zege la lita 10,000, simtanki la lita 5,000 juu ya mnara na pampu moja ya kupandisha. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, nilikuwa naweka alamu ya simu kila baada ya saa moja, naamka, natoka uani na tochi kusikiliza bomba. Mwaka huohuo pampu yangu iliungua. Iliachwa ikizunguka bila maji, mimi nikiwa nimepitiwa na usingizi.

Kwa hiyo kijana mmoja fundi wa Kariakoo aliponiambia anafunga mfumo wa kuangalia matangi kwa simu, sikubishana sana na bei. Nililipa shilingi 480,000, vifaa na ufundi: vihisi viwili vya kina (mafundi wenyewe wanaviita sensa), swichi ya presha kwenye bomba la mtaa, vali ya umeme (koki inayojifungua yenyewe kuingiza maji tangi la chini), na kiboksi chenye laini ya simu kinachotuma ujumbe. Nilichagua cha laini badala ya Wi-Fi kwa sababu umeme ukikatika ruta nayo inalala, na usiku wa umeme kukatika ndio unaotaka sana kujua una maji kiasi gani.

Mwezi wa kwanza nilitaka kumrudishia vitu vyake.

Kihisi cha juu hutoa sauti kali ambayo sikio halisikii, ikagonga uso wa maji na kurudi, nacho kinapima muda wa safari hiyo. Tangi letu lina bomba la kuingizia maji pembeni juu, na kila pampu ilipopandisha maji, ule mchirizi ulipita mbele ya kihisi. Sauti ikagonga mchirizi, ikarudi mapema, kiboksi kikaamini tangi limejaa, kikazima pampu. Asubuhi simu inasoma asilimia 96, wapangaji wanafungua bomba, kavu. Nilipanda mnara mwenyewe nikagonga tangi kwa ufunguo kuanzia juu kwenda chini. Lililia tupu hadi karibu na kitako.

Fundi alikuja na kipande cha bomba la PVC la inchi 4, akakitoboa matundu kwa chini na moja karibu na mdomo wa juu, akakisimamisha ndani ya tangi na kihisi akakifunga juu yake. Sasa kinatazama maji yaliyotulia ndani ya bomba, mchirizi unamwagika nje yake. Akaongeza na kipimajoto. Nilidhani ananiongezea bili, akanieleza: hewa ya nyuzi 20 sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, ila chini ya mfuniko mweusi jua la Januari likiwaka joto ni kubwa zaidi na sauti nayo inaongeza mwendo, kwa hiyo kipimo kinakosea kwa sentimita mbili tatu. Tangi langu lina upana wa mita 1.8. Sentimita mbili humo ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu. Siku ya shida ndoo mbili na nusu ni maji ya kupikia ya nyumba nzima.

Hapo vipimo vikakaa sawa. Lakini kilichonifanya niupende mfumo huu ni kitu kingine.

Maji yakikaa siku tatu bila kutoka, ya mwanzo huja na tope la kwenye mabomba. Vali ilikuwa inajifungua yenyewe presha ikipanda, na ndani ya wiki mbili tangi langu la chini lilikuwa na tope la kufunika kucha. Nililipa vijana wawili kulisafisha. Nilipomlalamikia fundi akanijibu kwa upole, "Mama, hii sensa inaona kina cha maji, haioni rangi yake." Kipo kifaa cha kupima ukungu wa maji, akasema, ila bei yake na kukisafisha kila mara kungenishinda. Nikamwambia, mwanangu, mbona hapa yupo mtu anayeyaona kila siku?

Mpangaji wangu wa chumba cha mbele anauza vitumbua. Anaamka saa tisa usiku, miaka yote. Ndiye aliyekuwa akinigongea dirisha: "Dada, amka, yanatoka, lakini mekundu kama chai ya rangi." Tulikuwa na kipimo tayari, hatukukiunganisha tu. Basi fundi akafunga kisanduku chenye vitufe viwili kwenye nguzo ya bomba la uani, kijani na chekundu, na kikengele kidogo. Presha ikipanda, kengele inalia mara mbili. Aliye macho anafungua bomba, anayaacha yatiririke kidogo, anakinga kwenye kikombe cheupe tulichokifunga hapo kwa kamba, anatazama kwa taa. Meupe, anabonyeza kijani na vali inafunguka. Yana tope, anabonyeza chekundu, vali inabaki imefungwa na kengele inalia tena baada ya dakika 20. Tangi sijalisafisha tangu hapo, na juzi nilimulika nikaona zege la chini.

Vitufe badala ya programu ya simu lilikuwa wazo la wapangaji. Wawili hawana simu za kugusa, na watoto nao wanajua kijani na chekundu. Ujumbe wa kina cha maji unakwenda kwa wote sita, saa ileile unaonifikia mimi. Hili tulikubaliana kibarazani kabla ya kufunga chochote, maana mmoja aliniuliza waziwazi kama nataka kuwahesabia maji ya kuoga. Lilikuwa swali la haki. Hakuna mita kwenye chumba cha mtu na haitakuwepo. Kila mtu anaona limebaki asilimia ngapi, na nimeona wenyewe wanaahirisha kufua likifika 30 bila mimi kufungua mdomo.

Kasoro zipo. Mama wa vitumbua alipokwenda msibani Korogwe, usiku wa kwanza maji yalitoka, kengele ikalia, hakuna aliyeamka, yakapita yote. Sasa tumeweka kwamba ikipita saa moja bila kitufe kubonyezwa, vali ifunguke yenyewe. Tope kubwa huwa limeshapungua. Tena vali hii ikikosa umeme hujifunga. Betri ya kiboksi inavumilia usiku mmoja tu, kwa hiyo usikubali fundi aing'oe koki yako ya zamani. Yangu niliagiza ibaki kwenye bomba la pembeni, na imeniokoa mara mbili. Bando la laini nalo likiisha kiboksi kinanyamaza kimya, hakikwambii. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila ningemtafuta fundi anayekubali kurudi. Yangu yalikaa sawa kwa sababu yule kijana alipanda mnara mara tano na akakaa uani kuwasikiliza wanaochota.

Jumamosi anakuja tena kuongeza kitufe cha tatu. Kimeombwa na mama wa vitumbua mwenyewe, kwa zile siku ambazo maji ni meupe kabisa lakini ukiyanusa yana harufu. Rangi amechagua njano.